Kizingiti Kilichomzuia Bibi Kuingia Sebuleni

Kujikwaa si kuanguka, husema wahenga. Lakini kwa mwenye miaka 80, kujikwaa mara nyingi ndiko kuanguka kwenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaokufa kwa wingi zaidi kutokana na kuanguka.

Katika familia moja wilayani Kilolo, mkoani Iringa, baba aliuza viazi, akaweka tailizi sebuleni. Fedha zikaishia mlangoni. Korido ikabaki ya saruji, chini ya tailizi kwa milimita 15 hivi. “Tutamalizia msimu ujao,” akamwambia mkewe.

Tangu hapo bibi, mama mzazi wa huyo baba, hakukanyaga tena sebuleni. Jioni alibaki jikoni peke yake. Akiitwa, alijibu, “Huku kuna moto, baba.” Kwa baridi ya Kilolo mwezi Juni, nani angembishia? Ni mjukuu wa darasa la pili aliyetoboa siri: “Bibi anaogopa pale mlangoni. Mguu wake haunyanyuki.”

Baba akachukua futikamba, akainama kupima. Kwake ule ukingo ulikuwa kitu cha kuvuka bila hata kuangalia. Kwa mama yake, anayetembea kwa kuburuza malapa, ulikuwa ukuta.

Dukani alichagua ukanda bapa wa alumini, lakini fundi akamkatalia. Ukanda bapa, alimweleza, ni wa sakafu mbili zilizo sawa kimo. Zikipishana, kinatakiwa chenye mteremko, na mteremko ukiwa mpana mguu hupanda bila shida. Mwenye upana huo hakupatikana dukani, hivyo seremala akaranda ubao mkavu wa mkaratusi: upana sentimita 12, upande wa tailizi unene milimita 15, upande wa korido umekonda kabisa.

Kazi ilichukua asubuhi moja. Vumbi lilifagiliwa, ubao ukajaribiwa kwanza kabla ya kufungwa. Matundu yalitobolewa kwenye saruji tu, maana tailizi ikitobolewa karibu na ukingo hupasuka. Kati ya ubao na tailizi iliachwa nafasi ndogo, kwa kuwa mbao huvimba wakati wa mvua, ikajazwa silikoni. Vichwa vya skrubu vilizamishwa ndani ya ubao, visije vikawa mwiba mwingine.

Mzazi anayetaka kujua kama milango ya nyumba yake ni salama, avue viatu na kuburuza mguu polepole kutoka chumba hadi chumba. Mahali unapokwama, ndipo mtoto anayejifunza kutembea na mzee wa nyumba watakapoanguka. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Siku hizi, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, bibi wa Kilolo ameshakaa kwenye kochi na shuka lake mabegani, akiwanyamazisha wajukuu.