Rangi Ifuate Kazi: Ua wa Michigan na Uani wa Ngamiani

Jambo linalomshangaza mtu wa kwetu akipata nyumba yenye ua huku Marekani ni kwamba ua wenyewe hauna kazi. Nguo zinakaushwa kwa mashine ndani, chakula kinapikwa ndani, vyombo vinaoshwa ndani. Nyuma ya nyumba kunabaki majani yaliyofyekwa, fensi ya mbao, na jiko la kuchomea nyama lililofunikwa turubai. Huku Michigan, theluji ikishaanza kulala, mtu anaweza kumaliza miezi bila kukanyaga ua wake.

Ndiyo maana Mei ikifika watu wanapandwa na wazimu wa rangi. Mtu aliyejifungia tangu Novemba, chini weupe na juu mawingu, hawezi tena kuvumilia fensi iliyopauka. Anataka njano. Anataka buluu ya bahari, na bahari iko mbali. Wazimu huo umeniingia hata mimi, fensi yangu ni shahidi. Lakini kila nikifikiria kuupeleka kwetu Tanga, naona haufai kusafirishwa mzima mzima. Una ya kuchukua na ya kuacha.

Huku kila mtu ni fundi rangi

Kwetu ukitaka kupaka rangi unamwita fundi, mnapatana, anakuja na kijana wa kumshikia ngazi. Huku fundi analipwa kwa saa na saa yake inauma, kwa hiyo mhasibu na dereva wa lori, wote Jumamosi wanavaa suruali kuukuu na kupanda ngazi wenyewe. Dukani rangi inachanganywa kwa mashine: unachagua kijikaratasi chenye rangi uitakayo, kopo linatikiswa mbele yako, unaondoka nalo. Siri ya wenyeji ni rafu ya makopo yaliyokosewa. Mteja aliagiza kijani cha embe bichi, ikatoka kijani cha dawa ya mswaki, akaikataa. Duka linaiuza kwa bei ya kutupa. Fensi nyingi za ajabu mtaani kwangu zimezaliwa kwenye rafu hiyo.

Baada ya rangi huja kazi za mikono. Viti vya mbao vilivyookotwa kando ya barabara vinapakwa, kila kimoja na rangi yake. Tairi linalazwa chini na kupandwa maua. Sahani zilizovunjika zinabandikwa juu ya meza kuukuu. Jirani yangu, bibi Mmarekani Mweusi ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Mississippi, ana mti mkavu uliovishwa chupa kwenye ncha za matawi, nyingi zikiwa za buluu iliyokolea. Jua la jioni likipita humo, ukuta wa gereji yake unajaa madoa ya buluu. Nilimwuliza kama ni pambo tu au lina maana yake.

"Mwanangu," akaniambia, "bibi yangu alikuwa akisema pepo mbaya huingia kwenye chupa usiku, asubuhi jua likamwangamiza. Mimi nimeziweka kwa kuwa zinapendeza. Lakini kuzitoa, hapana, sizitoi."

Mti wa chupa ni desturi ya Weusi wa Kusini mwa Marekani. Mwanazuoni Robert Farris Thompson, katika kitabu chake *Flash of the Spirit* cha mwaka 1983, aliihusisha na Bakongo wa Afrika ya Kati, ambao wengi wao walivushwa bahari utumwani. Nusu ya mapambo ninayoyaona huku nyuma ya nyumba za watu wazima yana safari ndefu kuliko duka la rangi.

Rangi iliyopambana na jiji

Usidhani huku kila mtu hupaka atakavyo. Mitaa mingi mipya ina vyama vya wamiliki wa nyumba vyenye masharti kuhusu rangi za nje, na ukikiuka unatozwa faini. Hiyo ni sababu moja ya rangi kali kukimbilia nyuma, kusikoonekana barabarani.

Wako waliokataa kujificha. Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia, alianza mwaka 1921 kujenga minara kwenye kiwanja chake huko Watts, Los Angeles, na hakuacha hadi 1954. Alifanya kazi peke yake, kwa vyuma, nyavu za waya na saruji, na juu ya saruji mbichi alikandamiza vigae, vipande vya chupa, kombe za pwani na sahani zilizovunjika. Mnara mrefu zaidi unafika karibu mita 30. Mwaka 1959, Rodia akiwa ameshaondoka zake, jiji lilitaka ibomolewe kwa hoja kwamba ni hatari. Wapenzi wa minara hiyo wakadai ipimwe kwanza. Ikavutwa kwa nguvu ya mashine, ikasimama, na leo ni kumbukumbu ya taifa.

Karibu na kwangu, Detroit, Tyree Guyton alianza mwaka 1986, pamoja na babu yake Sam Mackey, kupaka madoa ya rangi kwenye nyumba zilizotelekezwa katika mtaa wa Heidelberg alikokulia. Vikafuata viatu, midoli, boneti za magari na kila takataka iliyokubali rangi, na watoto wa mtaa wakishika brashi. Jiji lilibomoa sehemu ya kazi ile mwaka 1991, likarudia 1999. Kisha moto ukala nyumba kadhaa mwaka 2013 na 2014. Mtaa ule bado unatembelewa. Guyton alipaka pale ambapo watu walikuwa wamehama. Rangi yake iliita watu warudi.

Hapo ndipo ninapoielewa rangi ya uani ya Kimarekani. Inaletwa kujaza ua usio na watu.

Uani kwetu kuna watu tayari

Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, pale Tanga, mnaijua: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko, choo, bafu na bomba. Mbele ndiko kwa heshima, na mapambo yetu ya miaka yote yako huko: mlango, baraza, maua kwenye makopo ya Blue Band. Uani ni kwa kazi. Ndiko kunakofuliwa, kunakokunwa nazi, kunakosukwa nywele, kunakomalizwa ugomvi usiotakiwa kufika barazani.

Nilimpigia shangazi kwa video nimwonyeshe fensi yangu yenye alizeti na ndege.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu sogeza simu nione. Maashallah! Kazi yako hiyo?"

"Yangu. Nikija nataka na hapo uani tuchore hivihivi."

Akacheka mpaka ushungi ukamtoka. "Mchore wapi, mwanangu? Ukuta huu ndio wa kamba ya nguo. Huu nao una moshi. Ule pale watoto wanapigia mpira. Mkishachora maua yenu, mie kanga zangu nianike wapi?"

Akaigeuza simu ili nishuhudie. Beseni jekundu la kufulia lilikuwa limeegemezwa kwenye ndoo ya buluu. Ungo wa pilipili ulikuwa juani juu ya stuli. Kamba ilibeba kanga za rangi ya machungwa na za zambarau, zikivuja maji kwenye sakafu. Nyuma yake ukuta: chini umekula masizi, katikati chokaa imebanduka, juu kuna chumvi nyeupe iliyojitokeza kwenye plasta. Rangi ilikuwa tele. Ukutani tu ndiko haikuwako.

Shangazi alikuwa amenipa jibu. Kwetu rangi ya uani ni ya vitu vinavyotumika, nayo hubadilika mchana kutwa: kanga zikianuliwa, ua unakuwa mwingine. Ukimwaga mchoro mkubwa nyuma ya kamba ya nguo, ama nguo zitauficha, ama utazipiga marufuku nguo. Mwenye uani atashindwa, na uani si wa mchoraji. Rangi ifuate kazi.

Ukuta kwa ukuta

Ukuta wa jikoni upewe chokaa. Ni rahisi, inapumua, fangasi hawaipendi, na kila moshi ukizidi unarudia bila majuto. Ukiitia nili kidogo weupe wake unatakata zaidi, na kanga zikianikwa karibu yake zinaonekana vizuri kuliko mbele ya alizeti yoyote. Ukuta wa mpira utiwe rangi ya mafuta ya kukolea, nyekundu au buluu, kuanzia chini hadi usawa wa kifua, ili alama za mpira zifutike kwa kitambaa. Mchoro uende pale ambapo mikono haifiki: juu ya mlango wa choo, mgongo wa tangi la maji, ule ukanda mwembamba chini ya paa.

Bustani ya makopo na madumu inaweza kubeba rangi zilizobaki, lakini makopo yatobolewe chini maji yasituame yakazalisha mbu. Tairi nalo ni hivyohivyo, lijazwe udongo mpaka ukingoni.

Ufundi wenyewe unatofautiana na wa huku. Adui wa fensi ya Michigan ni mbao kuvimba na kusinyaa kwa barafu na jua. Unasubiri siku za joto, unatumia rangi ya maji ya akriliki ya nje inayonyumbuka. Adui wa ukuta wa Tanga ni unyevu na chumvi. Plasta iliyochanganywa na mchanga wa pwani itatoa chumvi hata uipake nini, na plasta mpya isiyokauka wiki kadhaa itaibabua rangi. Kwa hiyo masika ipite, ukuta ukauke, chumvi ipanguswe kwa brashi kavu, praima itangulie. Na huku au kule, kabla ya kupiga msasa rangi kuukuu, fikiria watoto. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye madini ya risasi mwaka 1978, hivyo nyumba iliyojengwa kabla ya hapo hupimwa kwanza. Kwetu soma kopo, ununue linalosema halina risasi, na vumbi la rangi ya zamani ulizuie kwa maji.

Vyombo vilivyovunjika msitupe. Vifungeni ndani ya gunia, vipigeni nyundo, kisha mkandamize vipande kwenye plasta mbichi kuzunguka bomba, ncha kali zikizama ndani. Hilo hatukumwiga Rodia. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalichomekwa bakuli za Kichina zamani sana kabla yake, na zidaka za nyumba kongwe za Lamu zilijengwa zionyeshe sahani na bakuli.

Mchoraji yupo mtaani

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa upande wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya dukani na vipande vya mbao laini za dari, akauza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake ukabaki na jina lake. Vifaa vyake ni vilevile vya kupakia nyumba. Picha hizo nimezikuta kwenye sebule za Wazungu huku. Kwenye nyua za kwetu sizioni. Kuta zetu tumewaachia wengine. Kampuni za simu zimepaka maduka kuanzia msingi hadi paa, barabara mpya inakuja na X nyekundu, na ndugu waliogombana wanaandika "Nyumba hii haiuzwi".

Sisi tulioko nje ndio tunaotuma pesa za kujenga, na tunajua zinakokwenda: ukuta mrefu wa matofali, vigae vya chupa juu yake, geti la chuma. Ndani ya ukuta huo uani unabaki na saruji ya kijivu pande zote, na mama mle ndani anapika akitazama matofali. Tenga kidogo kwenye bajeti ya geti. Mtafute yule fundi wa kuandika vibao vya saluni na kuchora vichwa vya vinyozi, ambaye mabango ya kuchapishwa yanamnyang'anya kazi. Mlipe kwa siku, mpeleke uani, na umwambie aulize mwenye jiko, mwenye kamba na wenye mpira kabla hajafungua kopo. Wewe chagua rangi ya geti.