Saa Kumi na Mbili za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka 12 alipomaliza mtihani wa darasa la saba, na katika likizo ile ndefu, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Januari, mimi ndiye niliyeachiwa kuamua afanye mazoezi ya mbio kwa saa ngapi kila wiki. Baba huendesha lori la mizigo, na akishavuka mpaka wa Oraba kuingia Sudan Kusini tunaweza kukaa siku kadhaa bila kumpata kwenye simu. Mama huenda Ariwara, upande wa Kongo, kununua vitenge vya kuuza mjini Arua. "Wewe ndiye uliyesoma," aliniambia. "Zungumza na mwalimu wake." Basi nikazungumza naye.

Mwalimu wa michezo alikuwa ameandika ratiba kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule. Asubuhi saa kumi na mbili hadi saa mbili. Jioni saa kumi hadi saa kumi na mbili. Jumatatu hadi Jumamosi. Jumla ni saa 24 kwa wiki, na mwalimu hakuona kuwa ni nyingi. Mwishoni mwa Januari kulikuwa na shule moja ya sekondari ya bweni iliyokuwa inakuja kuchagua wasichana wa mbio, na atakayechaguliwa angesoma bila kulipa karo. Kwa nyumba yetu hilo si jambo dogo. Karo ya mimi niliyeko chuoni peke yangu humkosesha mama usingizi.

Nilikubali. Sikuuliza swali hata moja. Nilimwona mdogo wangu akitoka alfajiri, vumbi jekundu likimfuata, nikajisifu moyoni kwamba nimefanya kazi ya ukubwa wa nyumba.

Aliyegundua tatizo ni bibi, naye aligundua kwa hasira. Kwetu Aroi msichana humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti. Siku moja mwezi wa Desemba bibi alikuja kututembelea, na mdogo wangu akamsalimu akiwa ameinama tu, mikono mbele. Bibi hakuitikia. Alituuliza sisi, si yeye, kama shule imeanza kufundisha watoto kusalimu wazee kama wanavyosalimu makondakta. Mama akamkemea mtoto, mtoto akapiga magoti, na hapo uso wake ukakunjamana, machozi yakamtoka bila sauti. Tulipomwinua tukaona chini ya goti la kulia kuna kinundu kilichovimba, kigumu, chenye joto. Alikuwa nacho kwa wiki mbili. Hakumwambia mtu kwa kuwa aliogopa ataondolewa mazoezini.

Kwenye kituo cha afya mhudumu alikibonyeza kile kinundu na kumwuliza kama anakua haraka. Alituambia si ugonjwa wa kutisha. Mfupa wa mtoto wa umri ule unarefuka upesi, na pale ambapo kano ya paja hujishika kwenye mfupa wa mguu pakivutwa kila siku bila kupumzika, panavimba. Dawa yake kubwa ni kupunguza. "Kupunguza kiasi gani?" nikauliza. Akasema hilo tuamue na mwalimu.

Hapo nikarudi kwenye swali nililopaswa kuuliza tangu mwanzo. Nilikwenda mjini kwenye intaneti nikasoma. Wengi walioandika juu ya saa za mazoezi ya watoto wameandika kwa ajili ya wazazi wa watoto wa jimnastiki, kule ambako likizo kubwa huangukia majira yao ya joto na mtoto hushinda ukumbini tangu asubuhi. Mchezo huo una historia ya kuwabana watoto. Nadia Comăneci wa Romania alipata alama 10 kamili mjini Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14. Dunia ilishangilia, na ilichukua hadi mwaka 1997 umri wa chini wa wasichana kushindana na wakubwa kupandishwa kuwa miaka 16. Lakini kilichonisaidia ni jambo jepesi. Watafiti wa Marekani waliochunguza wanamichezo vijana zaidi ya elfu moja, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, waliona kwamba mtoto anayefanya mazoezi kwa saa nyingi kwa wiki kuliko miaka ya umri wake huumia zaidi. Miaka 12, saa 12.

Nikamwambia mama kwa furaha: "Mtoto anatakiwa saa kumi na mbili."

"Ya asubuhi au ya jioni?" akauliza.

Tulicheka, lakini mama hakuwa amekosea sana. Alianza kuhesabu kwa namna yake, na hesabu yake ilikuwa bora kuliko yangu. Kutoka kwetu hadi uwanjani ni mwendo wa dakika 40. Kwenda na kurudi mara mbili kwa siku ni saa 2 na dakika 40. Kwa siku sita ni saa 16. Ongeza zile 24 za mwalimu. Mtoto wa miaka 12 alikuwa juu ya miguu yake saa 40 kwa wiki, sawa na mtumishi wa serikali, na bado hatujagusa madumu ya maji ya lita 20 aliyokuwa akibeba kichwani kutoka kwenye pampu. Nadhani wale watafiti hawakuwa na sababu ya kuhesabu madumu.

Mwalimu hakupenda niliyomwambia. Ni mtu mwema, hulipwa kidogo na hujitolea sana, na nilijisikia vibaya kumpinga. Alinitajia watoto wa Kapchorwa wanaokimbia milimani tangu wadogo. Alinitajia Peruth Chemutai, aliyekwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 17 na kuleta dhahabu ya Tokyo mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa Uganda kufanya hivyo. Mimi nikamtajia John Akii-Bua, mtu wa kaskazini kama sisi, aliyeshinda mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Yeye alianza kufundishwa mchezo huo akiwa tayari askari polisi. Mwalimu akatabasamu. "Mwalimu mwenzangu mtarajiwa," akasema, "Akii-Bua hakuwa anangojewa na bursari ya Januari."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba goti likiharibika hakutakuwa na Januari yoyote.

Tulikubaliana hivi. Baada ya wiki mbili za kupumzika, angekwenda asubuhi tano kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Jioni hapana. Hizo ni saa 7 na nusu, na mwendo wa njiani saa 6 na dakika 40. Zilizidi 12, lakini sikuweza kuusogeza uwanja. Maji nikaanza kuchota mimi, madumu manne kwenye baiskeli ya baba mdogo. Wasichana wa pale kwenye pampu walinipa jina ambalo sitaliandika katika mkusanyiko utakaosomwa na wahadhiri wangu.

Siku ya uchaguzi ilikuja na jua kali, kama ilivyo kwetu Januari. Walikimbia mita 1,500. Mdogo wangu alikuwa wa tatu. Shule ile ilichukua wawili.

Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi. Pengine zile jioni zingempa hatua kumi alizokosa. Pengine asingefika uwanjani kabisa. Msichana aliyeshika nafasi ya pili alifanya saa zote 24 za mwalimu, na hakuumia mahali popote. Hilo nalo ni kweli, na naliandika hapa kwa sababu lingekuwa rahisi kuliacha.

Sasa anasoma shule ya kutwa hapa jirani, na mama analipa kwa awamu. Bibi husalimiwa kwa magoti mawili, na huchukua muda mrefu kuitikia, makusudi. Niliporudi nyumbani likizo iliyopita, mdogo wangu alinipokea begi langu njiani, na kabla sijauliza habari za nyumbani akaniambia: "Kaka, nimefikisha miaka kumi na tatu. Una deni langu la saa moja."