Chumba cha Kusukia Mikeka

Kwetu Buganda, msukaji wa mikeka hana mahali pa kazi. Fundi cherehani ana duka lake, seremala ana kibanda chake, hata muuza chapati ana meza yake kando ya barabara. Msukaji wa mikeka huketi popote penye kivuli: asubuhi barazani, mchana chini ya mwembe, na mvua ikija hukumbatia ukindu wake akakimbilia sebuleni, ambako watoto wanasoma na kuku wanachungulia mlangoni. Labda ndiyo sababu ukimuuliza mtu wa kwetu mama yake anafanya kazi gani, atakujibu: "Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu, anasuka mikeka." Nimelisikia jibu hilo kwa watu ambao karo yao yote ya sekondari ilitoka katika mikeka hiyo hiyo.

Insha hii inahusu chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, kilichoko nyuma ya nyumba yetu katika mji mdogo upande wa Masaka. Kukipanga na kukipamba kulituletea ubishi nyumbani, na hadi ninapoandika haya, mwezi wa Novemba, ubishi huo haujaisha.

Zamani kilikuwa stoo ya kahawa. Baba alinunua kiboko kwa majirani, yaani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, akaiweka humo mpaka lori lije kuichukua. Alipofariki mwaka 2019 biashara ikafa naye, na chumba kikabaki na magunia, mizani yenye kutu na majembe yasiyo na mipini. Likizo ndefu iliyopita nilimwomba Mama tukisafishe kiwe chumba chake cha kusukia. Wiki hiyo hiyo mwalimu mmoja wa shule ya msingi akaja kuuliza kama tunaweza kumpangisha kwa shilingi 60,000 kwa mwezi.

Katika familia zetu jambo la namna hiyo haliamuliwi bila Ssenga, yaani shangazi, dada yake Baba. Alikuja Jumapili. Nilipiga magoti nikamsalimu, nikamletea chai, akaanza kabla hajaionja.

"Elfu 60 kila mwezi, bila jasho! Mama yako ana baraza kubwa. Mkeka unahitaji mlango wa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hesabu. Mkeka mkubwa ulimchukua Mama wiki tatu. Mchuuzi anayepeleka bidhaa kwenye maduka ya Kayabwe, pale barabara ya Masaka inapovuka ikweta na watalii husimama kupiga picha, alimlipa 75,000. Anayetaka mkeka wa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa bibi arusi, hutoa hadi 100,000. Ukiondoa ukindu, rangi na uzi, kama 20,000 hivi, Mama anabaki na 55,000 au 80,000. Kwa wiki mbili nilikuwa nimemtazama na kuhesabu kila alipoinuka kuhamisha kazi yake: jua limemfikia, mbuzi wamekuja, mgeni anataka kupita. Sikupata siku hata moja ambayo hakuinuka. Niliamini kwamba akiwa na chumba atamaliza mkeka kwa wiki mbili.

Lakini hesabu hiyo hiyo ikasimama upande wa Ssenga. Mkeka mmoja kwa wiki mbili badala ya tatu maana yake ni mkeka mmoja wa ziada kila baada ya wiki sita, na kodi ya wiki sita inakaribia 84,000. Ssenga hakusoma sana, ila nilipokuwa bado nahesabu kwenye simu yeye alikuwa ameshapata jibu.

Aliyekata shauri ni Mama, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya akichambua mchele. Alisema anataka mlango anaoweza kuufunga kazi ikiwa katikati. Miaka yote, kila jioni, amekuwa akikunja kazi isiyokwisha, na kila asubuhi akaanza kwa kuikunjua na kutafuta alipoishia. "Nijaribu hadi Desemba," alisema. Ssenga akamaliza chai yake.

Basi tukaanza. Mwanzoni nilitazama picha za vyumba vya kazi za mikono zinazosambazwa kwenye simu: meza ndefu nyeupe, viti vya kuzunguka, rafu zinazofika dari, vikapu vilivyopangwa kama vya dukani. Ni nzuri, lakini zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeketi kitini. Mama huketi sakafuni, amenyoosha miguu, na mkeka unakua mbele yake. Kitu kilicho juu ya kichwa chake ni kama hakipo. Nikamwomba aketi katikati ya chumba na kunyoosha mikono, nami nikachora kwa chaki ukutani mahali vidole vyake vilipofika. Mstari ule ndio uliokuwa ramani yetu. Rafu zote za vitu vya kila siku ziko chini yake.

Rafu tulizitengeneza kwa mbao za makreti ya soda yaliyovunjika, tukaziweka juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Mikeka iliyokamilika haigusi ardhi kabisa. Inakunjwa na kuning'inizwa kwa kamba kwenye boriti, mbali na panya. Magurudumu ya baiskeli ya zamani yalitupa spoki, nikazipinda kuwa ndoano za kutundikia mikasi na vicha vya ukindu, kila rangi ndoano yake.

Kilichonisumbua zaidi ni maji. Ukindu mkavu hukatika vidoleni, kwa hiyo unaosukwa leo lazima uwe na unyevu, umefungwa ndani ya gunia lililoloweshwa. Mkeka uliokwisha ukipata unyevu huo huo huota kuvu, na doa lake halitoki. Tena rangi huchemshwa katika sufuria, na ukindu ukitolewa humo hudondoka maji ya zambarau na kijani kila mahali. Vitu vibichi na vikavu haviwezi kukaa upande mmoja. Tukakigawa chumba: karibu na mlango ni ubichi wote, beseni, gunia, ndoo, nyuma ni ukavu. Moto wa kuchemshia rangi ulibaki nje, na utabaki nje.

Mwanga nao una masharti yake. Dirisha la stoo lilikuwa dogo, maana kahawa haihitaji kuona. Tuliondoa bati moja tukaweka la plastiki linalopitisha mwanga, kwa shilingi 35,000, na ghafla Mama akaweza kuhesabu nyuzi bila kusogeza mkono karibu na uso. Lakini jua likipiga ukindu uliotiwa rangi kwa wiki kadhaa, nyekundu huwa kama chai ya maziwa. Kwa hiyo bati lile liko juu ya mahali anapoketi, na rangi zimesogezwa kwenye kona yenye kivuli.

Mapambo ndiyo niliyoyangoja kwa hamu, na ndiyo yaliyotutenganisha kidogo. Nilitaka kutundika lubugo ukuta mzima. Lubugo ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kinachopondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka kilainike na kutanuka. UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingia katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Wanafunzi wenzangu Kampala wana mikoba yake, na rangi yake ya udongo ingependeza mno juu ya chokaa. Mama alinitazama kama niliyetaka kuleta jeneza.

"Hicho tunawavisha wafu. Mimi nikae chini yake kutwa nzima nikisuka?"

Nilimweleza kwamba hata Kabaka huvaa lubugo siku ya kutawazwa. Akasema yeye si Kabaka. Sikushinda, na sidhani nilistahili kushinda katika chumba kisicho changu. Bado naona lubugo ni kizuri, lakini uzuri huo nauona mimi niliyekikuta dukani. Yeye alikikuta msibani.

Badala yake Mama akaleta gunia la kahawa la Baba, lenye maandishi yaliyofifia. Akakata vipande vya ukili, ile mistari iliyosukwa ambayo baadaye hushonwa pamoja kuwa mkeka, kila kipande urefu wa shibiri, akavishona juu ya gunia kimoja chini ya kingine. Vilifika 14. Kila kimoja ni nakshi anayoijua: njia ya siafu, meno ya msumeno, macho mawili, na nyingine alizofundishwa na mama yake zisizo na jina. Lile gunia sasa liko ukutani mbele ya mlango. Ni pambo zuri kuliko yote niliyokuwa nimeyawaza, na tena linafanya kazi: mteja akija haelezi tena kwa mikono hewani, ananyoosha kidole. Nakshi tatu kati ya zile 14 Mama hakuwa amezisuka kwa miaka mingi, kwa kuwa hakuna aliyeziomba, na hakuna aliyeziomba kwa kuwa hakuna aliyeziona.

Mimi nilichangia vibandiko. Nilikata makaratasi magumu, nikaandika majina ya vitu kwa Kiganda na Kiswahili, nikayazungushia ukingo wa ukindu uliobaki, nikayafunga kwenye makopo na ndoano. Hili lilikuwa jambo la hatari kidogo. Watu wengi wa rika la Mama huku Buganda walikutana na Kiswahili kwanza kama lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. Katiba yetu ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini katiba haikumfikia sebuleni. Nilipochagua kukisoma chuoni aliniuliza kama nataka kuwa polisi.

Siku moja akasimama mbele ya ndoano ya kwanza akasoma kwa sauti: "Mukindo. Mkindu." Akarudia. Kisha akaniuliza ni nani aliyewapa watu wa pwani jina la mti wetu. Nikamwambia kwamba wanawake wa huko nao huchana ukindu, wakautia rangi, wakasuka ukili na kuushona kuwa mikeka, na kwamba nimelisoma neno ukili darasani wakati mkono wake umekuwa ukilifanya tangu sijazaliwa. Akataka kujua kama wao hushona kwa kuanzia katikati au pembeni. Sikujua. Nimewauliza wenzangu wawili kutoka Tanzania na kila mmoja ameahidi kumuuliza bibi yake.

Kuna jambo sikulitarajia. Kule barazani, mtu alikuja, akaketi, akaomba maji, akamtuma Mama dukani, akamwachia mtoto amtunzie. Alionekana yuko bure. Sasa wanafika mlangoni na kubisha hodi. Mlango ni ule ule wa stoo, mbao tatu na kufuli, lakini aliye ndani yake anaaminiwa kuwa anafanya kitu. Majirani wawili wameomba kuja na kazi zao alasiri, na Mama amewakubalia kwa sharti kwamba kila mtu arudishe mkasi kwenye ndoano yake.

Hesabu nimeirudia, maana Ssenga atakuja Krismasi. Tangu Agosti, katika wiki 12, Mama amesuka mikeka sita. Mitano imeuzwa, miwili kati yake kwa bei ya kwanjula baada ya wateja kuona gunia. Faida ni 325,000. Barazani, kwa muda huo, angesuka minne na kupata kama 220,000. Tofauti ni 105,000, na kodi ya miezi mitatu ingekuwa 180,000. Mwalimu angetulipa zaidi. Mkeka wa sita ungali unaning'inia kwenye boriti, na ukiuzwa kwa bei ya mchuuzi pengo litapungua bila kuzibika. Nimemwandikia Mama tarakimu hizi zote kwenye daftari, pamoja na gharama ya bati, kwa sababu ni chumba chake na uamuzi ni wake.

Alizisoma polepole, akauliza kama nimeondoa bei ya uzi, akafunga daftari akaliweka kwenye rafu ya ukavu. Jana alinipigia simu chuoni. Hakutaja kodi. Alisema fundi mwashi amepita kuona ukuta wa mashariki, na dirisha la pili pamoja na fremu litagharimu 120,000, kwa hiyo lisubiri hadi Januari, ana mikeka miwili ya kwanjula ya kumaliza kwanza. Kisha akaniuliza kama wale wenzangu wa Tanzania wamekwisha kuzungumza na bibi zao.