Mahali pa Kufunga Demani

Mjomba wangu alipostaafu alinunua mashua ndogo iliyochakaa, nasi tukaitengeneza pamoja ufukoni Mikindani. Tanga la mashua ile si la foromali kama la jahazi. Limesimama nyuma ya mlingoti, na chini yake umelala mti wa mita 4, ambao huvutwa na kuachiliwa kwa kamba ya demani. Kamba hiyo hushikwa na kigari kitembeacho juu ya reli iliyokingama toka ubavu hata ubavu, ili tanga lisogezwe huku na huku bila kuharibika umbo. Kazi yote ilikwisha ila moja: reli ikazwe wapi?

Mimi nilitaka tezi. Mjomba alitaka juu ya paa la chumba, wajukuu wapate kukaa pasipo kamba kuwapitia shingoni. Nilimwonyesha hesabu. Ikiwa upepo husukuma katikati ya mti kwa uzito wa kilo 60, demani iliyofungwa mwisho wa mti huzuia kilo 30 tu; ikifungwa katikati, zote 60 ni zake. Akajibu, “Mpwa wangu, kapi huongezwa, mtoto haongezwi.” Sikuwa na jawabu.

Kwa bahati hatukufanya haraka kutoboa mbao. Tuliifunga reli kwa muda juu ya paa, tukatoka siku ya kusi, sisi wawili tu. Mjomba alishika kana ya usukani, nami nilikuwa omo nikipanga nanga, mara dharuba ikatupiga. Mashua ililala ubavu, maji yakaingia. Niliuona mkono wake ukinyoshwa kuifuata demani, ukapungukiwa na shibiri moja. Kuifikia kulimpasa aiache kana. Hakuiacha, aliisukuma kwa nguvu, omo ikaelekea upepo, tanga likapigapiga, tukasalimika.

Tulirudi kimya. Kesho yake tuliikaza reli mbele kidogo ya kana, mita 3 toka mlingotini, ambapo mzigo wa demani ni kilo 40. Imekata mahali pa kukaa, na watoto sasa hukaa mbele yake. Si pale nilipotaka mimi, wala si pale alipotaka yeye. Mimi nilipima upepo, yeye alipima nafasi ya watoto; hakuna kati yetu aliyekumbuka kupima mkono wa mshika usukani, na wote waliomo chomboni huutegemea mkono huo.