Nyama ya shingo iliyo hai nje ya mwili

Iko dawa ya saratani ambayo mgonjwa akishaimeza hukatazwa kuwakumbatia wanawe. Ni iodini yenye mionzi. Hupewa watu wenye saratani ya thairoidi, ile tezi iliyolala mbele ya koo kama kipepeo. Dada yangu aliimeza baada ya kufanyiwa upasuaji. Kwa siku kadhaa kitindamimba wake alilia nje ya mlango wa chumba, naye ndani akilia vilevile. Kisha ikaja miezi ya kungoja kujua kama dawa imeshika.

Kinachoniuma, msomaji, ni kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hasaidiwi na dawa hiyo. Thairoidi hufyonza iodini ili itengeneze homoni, na dawa hutumia njia hiyo hiyo kuifikia saratani. Seli zikishaacha tabia hiyo, mgonjwa hupata mionzi bure, na tiba nyingine inachelewa.

Je, haiwezekani kuijaribu dawa kwenye ile nyama iliyokatwa kabla ya kumpa mwenyewe?

Wazo la kuweka tezi hai nje ya mwili si geni. Mwaka wa 1935, jijini New York, daktari Mfaransa Alexis Carrel alishirikiana na Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka wa 1927. Waliiweka thairoidi ya paka ndani ya pampu ya kioo, wakailisha maji yenye virutubishi, nayo ikaishi siku kadhaa. Rubani na tezi ya paka, hebu fikiria!

Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walieleza walivyofanya na thairoidi za binadamu, zilizotoka kwa wagonjwa waliopasuliwa. Walizikata vipande vya upana wa milimita 5 na unene usiozidi nusu milimita. Kipande kinene hufa katikati, maana hakina damu ya kukiletea hewa na chakula. Kila kipande kilitiwa katika kidude chenye vijifereji, maji ya lishe yakapita polepole, joto likiwa nyuzi 37 kama la mwili. Vipande vilidumu saa 96. Tena vilikuwa kazini: maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa na thairoksini, homoni ya tezi yenyewe. Mwenye shingo yuko wodini amelala, kipande chake kiko maabara kinachapa kazi!

Huu bado ni utafiti, kwa hivyo usimwendee daktari wako kesho ukidai kipimo hicho.

Nilipomsimulia mama haya, hakujali mifereji wala homoni.

"Wenyewe waliombwa ruhusa?" akauliza.

Waliombwa, nikamwambia, wakakubali.

"Basi vyema," akasema, akaendelea kuchambua mchele.