Mchezo wa Nje Unaohitaji Wenzi

Julai 2016 kampuni ya Niantic ya Marekani, iliyokuwa ikiongozwa na Bwana John Hanke, ilitoa mchezo wa Pokémon GO. Kioo cha simu huonyesha mnyama wa kubuni kana kwamba amesimama pale pale barabarani, na mchezaji hana budi kutembea ili amnase. Watoto wakatoka nje. Lakini wengi walitembea wameinamisha vichwa, kila mmoja na simu yake.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mbunifu. Kombolela haichezwi na mtoto mmoja. Haja ya wenzi imo ndani ya mchezo wenyewe. Juni 2017 Niantic nayo ilileta wanyama ambao wengi wao humshinda mtu mmoja, na wachezaji hadi 20 waliweza kukusanyika mahali pamoja kuwakabili. Watu wasiojuana wakapata sababu ya kusemezana.

Aprili 2020, kwa ajili ya UVIKO-19, tikiti maalumu ikawaruhusu kujiunga wakiwa majumbani. Ilifaa wakati wa maradhi. Mwaka 2023 kampuni ilipandisha bei ya tikiti hiyo na kuiwekea kikomo cha kila siku, nao wachezaji wakalalamika: walikwisha kuzoea kukaa ndani.