Mshauri wa Pikipiki za Stima

Wengi darasani wanataka udaktari. Mimi nataka kuwa mshauri wa usafiri wa stima, wacha wacheke. Mabasi ya stima yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka wa 2022, na umeme wetu mwingi hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Hapo hakuna ubishi. Swali gumu ni la kaka yangu, mwendeshaji boda boda: “Sasa wewe msomi, betri ikiisha chaji huko ndani ndani, nitabadilishia wapi?” Kwetu hakuna kituo. Mkopo nao hulipwa kila siku, abiria wawepo wasiwepo. Kwa hivyo tumeanza kuandika kilomita zake za kila siku katika daftari langu la hesabu. Karo yangu hutoka kwa pikipiki hiyo.